Fuvu, Kipimo na Jina: Mifupa ya Ruvuma katika Enzi ya Mashine Zinazojifunza

1.0 Utangulizi

Litumbandyosi ni kata ya Wilaya ya Mbinga, Mkoa wa Ruvuma, katika nchi iliyo kati ya mji wa Songea na Ziwa Nyasa. Ni nchi ambayo ardhi yake huchimbwa kwa sababu nyingi. Wamatengo wa milimani huichimba kwa kilimo chao mashuhuri cha ngoro. Machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, yaliyoanza uzalishaji mwaka 2011, yako katika wilaya hiyo hiyo. Na katika bonde la mto Ruhuhu wataalamu wa visukuku wamechimba mifupa ya wanyama wa kale tangu miaka ya 1930. Mmoja wa wanyama hao, ambaye mifupa yake ilipelekwa Cambridge, alikaa kabatini kwa miongo kadhaa kabla ya kupewa rasmi jina la kisayansi la Nyasasaurus, katika makala iliyochapishwa mwaka 2013.

Mnyama huyo, hata hivyo, alikuwa na bahati ambayo wanadamu wengi wa nchi hiyo hawakuipata: mifupa yake iliandikiwa ilikotoka. Mafuvu ya watu yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani yalifika Ulaya na namba, pengine na jina la kabila, na mara chache sana na jina la mtu. Leo swali la kuyarudishia majina limekuwa swali la kisayansi, la kisheria na la kifamilia kwa wakati mmoja. Kati ya nyenzo zinazotajwa kuwa zitasaidia ni mbinu za tarakilishi zinazoitwa ujifunzaji wa mashine, ambazo ni tawi la akili mnemba.

Mhadhara huu unachunguza mambo matatu. Kwanza, historia ya kupima mafuvu kwa nia ya kumtambua mtu, kama ilivyotokea nchini Tanzania. Pili, jinsi mashine inavyofundishwa kusoma mfupa, na mipaka ya elimu yake. Tatu, nafasi ya lugha, hususani Kiswahili, katika kazi ambayo kwa juu juu inaonekana kuwa ya hesabu peke yake.

2.0 Fuvu la Mkwawa na uamuzi wa rula

Kisa cha kwanza ni cha Uhehe. Mtwa Mkwawa alijiua kwa risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, fuvu hilo liliingia katika sheria ya kimataifa: Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilikabidhi kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ilipita, na miongo mitatu ikapita pia.

Mwaka 1953 Gavana wa Tanganyika, Sir Edward Twining, alikwenda Bremen kwenye jumba la makumbusho lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, ambayo 84 kati yake yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Lipi lilikuwa la Mkwawa? Njia iliyotumika ilikuwa ya uwiano wa kichwa, yaani upana wa fuvu kugawanywa kwa urefu wake na kuzidishwa kwa 100. Vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai vilipimwa, mafuvu yenye uwiano unaokaribiana na wao yakatengwa, na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu lililodhaniwa kuwa la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 fuvu hilo lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, nalo limehifadhiwa Kalenga hadi leo.

Udhaifu wa njia hiyo ni rahisi kuuona. Uwiano wa kichwa ni namba moja tu. Watu wengi sana wasio na undugu wowote wanaweza kuwa na namba ile ile, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Namba hiyo inaweza kusema kwamba fuvu fulani huenda si la mtu anayetafutwa, lakini haiwezi kusema kwamba ndilo lake. Tundu la risasi nalo, katika mkusanyiko uliotokana na vita na adhabu za kikoloni, si alama ya mtu mmoja. Ndiyo maana shaka juu ya fuvu la Kalenga haijaisha miongoni mwa wanahistoria, ingawa heshima linayopewa na Wahehe ni ya kweli na haihitaji ruhusa ya mwanahistoria yeyote.

Funzo la kisa hiki ni tofauti kati ya kuainisha na kutambua. Kuainisha ni kuweka kitu katika kundi: hili ni fuvu la mwanamume, hili ni la mtu mzima. Kutambua ni kusema: huyu ni fulani, mwana wa fulani. Mwaka 1953 kipimo cha kuainisha kilibebeshwa mzigo wa kutambua.

3.0 Songea, 1906

Kisa cha pili kinaigusa nchi ya Ruvuma yenyewe. Vita vya Maji Maji vilivyoanza katika vilima vya Umatumbi mwezi Julai 1905 vilifika Ungoni mwaka ule ule, na dawa ya maji ililetwa huko na Omari Kinjala. Wajerumani walijibu kwa bunduki na, baadaye, kwa kuchoma mazao na maghala. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo vya vita vyote ni kuanzia watu 75,000, kwa hesabu ya Wajerumani, hadi zaidi ya 250,000 kwa hesabu ya mwanahistoria G. C. K. Gwassa.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Mashujaa wanaokumbukwa hapo kila mwaka ni 67, na wengi wao wamo katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, ambaye mji umepewa jina lake, ana kaburi la peke yake. Na mapokeo ya ukoo wake yanasema kwamba katika kaburi hilo kichwa hakimo, kwa sababu kilikatwa na kupelekwa Ujerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika kwenye Makumbusho ya Maji Maji mjini Songea, akakutana na wazao wa mashujaa na kuomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani. Aliahidi pia msaada wa kulitafuta fuvu la Songea Mbano, bila kuahidi kwamba litapatikana.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mafuvu yaliyokusanywa Berlin, mengi yao na Felix von Luschan, yalihamishiwa mwaka 2011 kwenye Wakfu wa Urithi wa Utamaduni wa Prussia. Kuanzia mwaka 2017 Wakfu huo ulifanya utafiti juu ya mafuvu 1,135 ya Afrika Mashariki. Matokeo yaliyotangazwa Septemba 2023 yalionyesha kwamba 904 yalitoka katika eneo ambalo leo ni Rwanda, 202 Tanzania, na 22 Kenya. Ulinganisho wa vinasaba uliunganisha mafuvu matatu na watu walio hai nchini Tanzania. Moja lilikuwa limeandikwa neno Akida, na lilithibitika kuwa la mshauri wa Mangi Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa pamoja naye mwaka 1900. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe hakikupatikana katika utafiti huo.

Jambo la kutia moyo ni kwamba utambuzi umewezekana zaidi ya miaka 120 baada ya kifo. Jambo la kufikirisha ni kwamba uliwezekana kwa kuunganisha vitu vitatu: maandishi juu ya mfupa, kumbukumbu za ukoo, na vinasaba. Kipimo cha umbo peke yake hakikutosha.

4.0 Jinsi mashine inavyosoma mfupa

Anthropolojia ya kimahakama ni taaluma inayochunguza mifupa ya binadamu ili kusaidia kujua ni ya nani na alikufaje. Mtaalamu huanza na maswali manne: jinsia, umri, kimo, na asili ya mtu. Nyonga huonyesha jinsia vizuri kuliko fuvu, kwa sababu ya uzazi. Meno na miisho ya mifupa mirefu huonyesha umri wa kijana vizuri. Umri wa mzee ni mgumu zaidi kukadiria. Fupa la paja husaidia kukadiria kimo. Kwa kuwa wakoloni walipenda mafuvu, mara nyingi mtafiti wa leo ana fuvu bila nyonga na bila paja. Yaani ana ushahidi dhaifu kwa maswali magumu.

Takwimu ziliingia katika kazi hii mapema. Mwaka 1936 R. A. Fisher alichapisha njia ya kuunganisha vipimo vingi katika kanuni moja inayotenganisha makundi. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tennessee nchini Marekani walitoa programu iitwayo FORDISC, ambayo hupokea vipimo vya fuvu na kutaja kundi linalokaribiana nalo. Katika ujifunzaji wa mashine hatua imesonga mbele: mtaalamu haandiki kanuni, bali huipa tarakilishi mifano mingi ambayo majibu yake yanajulikana, nayo hutafuta yenyewe tofauti zilizomo. Mwaka 2019 watafiti wa Adelaide, Australia, waliifundisha mashine kwa picha za skani za mafuvu 900, kisha wakaijaribu kwa mengine 100. Ilitaja jinsia sawasawa kwa asilimia 95.

Asilimia 95 ni matokeo mazuri, lakini maana yake inapaswa kuelezwa kwa uangalifu. Kwanza, katika kila mafuvu 100, matano yalikosewa, na mashine haikusema ni yapi. Pili, mafuvu ya majaribio yalitoka katika jamii ile ile ya wagonjwa iliyotoa mafuvu ya mafunzo. Mwanafunzi aliyefanya mtihani katika darasa lake hajathibitisha kwamba atafaulu kwenye darasa jingine. Ikiwa wanaume wa mahali fulani wana mifupa myembamba kuliko wanaume wa Adelaide, mashine inaweza kuwaita wanawake bila kusita.

Ugumu ni mkubwa zaidi katika swali la asili ya mtu. Mashine huainisha katika makundi iliyofundishwa tu. Ikipewa fuvu la kundi isilolijua, haikiri ujinga kwa hiari yake. Hulitupa katika kundi lililo karibu zaidi. Kanzidata iliyotumika sana duniani ni ya W. W. Howells, yenye vipimo vya mafuvu zaidi ya 2,500 kutoka jamii 28. Afrika Mashariki imo humo kupitia Wataita wa Kenya peke yao, kwa mafuvu 83. Wangoni hawamo. Wamatengo hawamo. Wanyasa wa pwani ya ziwa hawamo.

Mafuvu hayo ya Wataita yenyewe yana historia. Kwa desturi ya zamani, vichwa vya wazee vilifukuliwa baada ya muda na kuwekwa katika mapango ya ukoo. Kutoka katika mapango hayo vilichukuliwa na kupelekwa Cambridge, ambako Elisabeth Kitson alivichunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1931. Hivyo basi, mashine inayoombwa leo kusaidia kurudisha mafuvu yaliyochukuliwa imejifunza kuijua Afrika Mashariki kutokana na mafuvu yaliyochukuliwa. Hilo halifanyi vipimo kuwa vya uongo. Lakini mtumiaji anapaswa kujua mwalimu wa mashine yake ni nani.

5.0 Je, Mngoni anaweza kupimwa?

Chukulia kwamba fuvu kutoka Songea limewekwa mbele ya mashine iliyofundishwa kwa kanzidata ya Howells. Humo wamo Wazulu wa Afrika Kusini na Wataita. Mashine ikijibu Zulu, msomaji mwenye haraka atafurahi: si Wangoni walitoka kusini? Ikijibu Taita, msomaji yule yule atasema fuvu si la Mngoni. Majibu yote mawili hayana msingi.

Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba. Njiani waliwachukua watu wa mataifa mengi, na walipofika Ruvuma waliwaingiza Wandendeuli na wengineo katika dola yao. Katika kizazi cha Songea Mbano, Mngoni alikuwa mtu aliyeishi chini ya nkosi na nduna, aliyepigana katika kikosi chao na kuhesabiwa kwao. Lilikuwa jina la siasa na la malezi. Hata lugha iliyoitwa Kingoni katika Ruvuma ilikuwa imechukua sehemu kubwa ya sura yake kutoka lugha za wenyeji. Hakuna upana wa fuvu unaoweza kuonyesha kwamba mtu alimtii Mputa Gama.

Kwa hiyo kabila lililoandikwa kwenye lebo na kabila linalotajwa na mashine ni vitu viwili tofauti, na vyote viwili ni tofauti na vile mtu alivyojiita. Hatari iliyopo ni kwamba jibu la tarakilishi, kwa sababu lina asilimia na desimali, litachukuliwa kuwa ndilo ukweli, na simulizi ya ukoo kuwa ndiyo hadithi. Mwaka 1953 rula ilipewa mamlaka ya namna hiyo.

Mashine ina kazi halali, nayo si ndogo. Ili kupata vinasaba, mfupa au jino hutobolewa na sehemu yake kusagwa. Kwa familia, huko ni kumjeruhi marehemu mara ya pili. Ikiwa kuna mafuvu 202 na anayetafutwa ni mwanamume mtu mzima, mashine inayosoma picha za skani inaweza kupunguza idadi ya yale yatakayotobolewa. Inaweza pia kulinganisha taya lililotengana na fuvu lake, au kuonyesha kwamba namba mbili katika madaftari mawili ni za mfupa mmoja. Lakini tuseme yamebaki 60 baada ya mchujo. Kila moja bado ni moja katika 60. Hapo ndipo mashine hunyamaza, na vinasaba, nyaraka na wazee huanza kusema. Zaidi ya hayo, mchujo wenye makosa matano katika mia unaweza kumwacha nje yule yule anayetafutwa. Hivyo yaliyotengwa hayapaswi kufungiwa mlango.

6.0 Kazi ya lugha

Sehemu kubwa ya utambuzi ni kazi ya kusoma. Nyaraka za Wajerumani zinaandika Ssongea kwa s mbili. Zinataja Wiedhafen, nayo ni bandari ya Manda. Zinataja Sphinxhafen, nayo ni Liuli. Neno Akida, lililoandikwa juu ya mfupa ule wa Old Moshi, kwa Kiswahili cha wakati ule lilikuwa cheo cha mtumishi wa utawala au kiongozi wa kikosi. Kumbe linaweza pia kuwa jina. Aliyelisoma kama cheo angetafuta ofisa. Aliyeuliza ukoo alimpata mtu. Mahojiano yaliyofanywa mwaka 1968 na 1969 na wanafunzi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya Maji Maji, yakiwamo ya O. B. Mapunda na G. P. Mpangara kuhusu Ungoni, ni hazina ya aina hiyo, kwa kuwa baadhi ya waliohojiwa waliviona vita hivyo kwa macho yao.

Sarufi nayo ina neno la kusema. Neno fuvu, kwa maana yake pana, ni ganda tupu, jamaa ya kifuu cha nazi. Upatanisho wake ni wa kitu: fuvu limepotea, fuvu limerudi. Maiti husimama mlangoni: wapo wanaosema maiti imezikwa, na wapo wanaosema maiti amezikwa. Marehemu hana utata: marehemu amerudi. Kwa maneno mengine, Kiswahili humlazimisha msemaji achague kama anachokizungumzia ni kitu au ni mtu. Ripoti ya maabara husema limepimwa. Ukoo husema anarudi. Kwa Wangoni na Wamatengo, ambao katika imani yao ya jadi waliotangulia ni mahoka wanaoendelea kuwaangalia walio hai, tofauti hiyo ni msingi wa madai yote.

Mfasiri wa ripoti za namna hii ana wajibu mkubwa. Neno la uwezekano likifasiriwa kuwa uthibitisho, familia itazika mtu asiye wake, na familia nyingine, pengine ya Rwanda au ya Moshi, itabaki ikingoja mtu aliyekwisha kuzikwa kwingine. Istilahi za kutenganisha huenda, yamkini na imethibitika zimo tayari katika Kiswahili. Kinachohitajika ni nidhamu ya kuzitumia.

7.0 Hitimisho

Turudi Litumbandyosi. Ikiwa mkulima anayechimba ngoro au fundi anayechimba msingi atakutana na mfupa wa mtu, sheria za Tanzania zina njia: uchunguzi wa vifo, na, inapobidi, uchunguzi wa vinasaba unaosimamiwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Siku itafika ambapo picha ya mfupa huo itasomwa na mashine kabla ya mtaalamu kuwasili. Ubora wa jibu utategemea kama watu wa Ruvuma wamo katika mafunzo ya mashine hiyo, kwa ridhaa yao, kwa mfano kwa skani za hospitali zilizotolewa na walio hai. Maana njia ya mapangoni imekwisha kulaaniwa na historia.

Kuhusu mafuvu yaliyo Ujerumani, mhadhara huu umeonyesha kwamba rula ilitoa jibu mwaka 1954 na kuacha shaka; vinasaba pamoja na maandishi na kumbukumbu vilitoa jibu mwaka 2023 kwa watu watatu. Mashine zinazojifunza zinaweza kuifupisha njia kati ya mkusanyiko na ukoo. Haziwezi kuwa mwisho wa njia hiyo. Mwisho wake ni kaburi moja mjini Songea, lenye jina juu yake, na wazao wanaosema kwamba aliyemo hajakamilika.